Sare ya Serikali, Deni la Nyumbani

Waliokulia Changamwe miaka ya sabini na themanini wanaikumbuka harufu ya laini za polisi wakati wa jioni: moshi wa pasi ya makaa, dawa ya viatu ya Kiwi, Brasso, na wanga wa muhogo uliokamuliwa kwenye kipande cha kanga kuukuu, ukachemshwa hadi ukawa uji mwepesi wa kuchovyea mashati. Mashati hayo yalikuwa ya samawati iliyopauka, suruali zikiwa buluu nzito, na jezi ya sufi ya rangi hiyohiyo ilitolewa sandukuni kusi ilipovuma na asubuhi zikapoa kidogo. Ami yangu, aliyekuwa konstebo wakati huo, alikaa kwenye kigoda mlangoni na kusugua vifungo vyake mpaka giza liingie, maana hewa ya chumvi ya Mombasa haina huruma na shaba, na kifungo kilichong'aa jana kilikuwa kimeshafubaa kufikia gwaride la asubuhi.

Kila alichosugua kilikuwa cha Serikali.

Hilo ndilo lililotuduwaza watoto. Kofia ya Serikali, mkanda wa Serikali, firimbi na mnyororo wake vya Serikali, buti, soksi, koti la mvua, blanketi la kijivu, hata kikombe cha bati. Alivipokea stoo kwa kutia sahihi, akaandikiwa kwenye kitabu, na alijua kwamba siku ya kustaafu angevirudisha na kusainishwa tena. Mwaka mmoja firimbi ilipotea kwenye purukushani ya gulio, na nyumba nzima ikaadhibika kwa kunyamaza, kwa sababu bei ya firimbi ingekatwa kwenye mshahara na mwisho wa mwezi ulikuwa mbali. Mkewe alitupekua mifuko sisi watoto wote, wake na wa majirani. Haikuonekana.

Sitaki kuzipamba siku hizo kupita kiasi. Laini zenyewe zilikuwa za dhiki. Chumba kimoja kiliweza kuwa na familia mbili zilizotenganishwa kwa pazia, mtoto wa huku akasikia ugomvi wa kule, na bibi wa koplo na bibi wa konstebo wakapangiana zamu ya bomba kwa kufuata vyeo vya waume zao. Askari wa kike walikuwa wachache, na sketi walizopewa hazikumfaa mtu yeyote anayetarajiwa kumkimbiza mwizi. Nguo za stoo zilikuja kwa saizi za kubahatisha: aliye mwembamba alipewa suruali ya mtu mnene, ikampeleka kwa fundi cherehani aliyejua kupunguza kiuno bila kuharibu mfuko. Gharama ya fundi ilikuwa juu ya askari. Lakini kitambaa kilikuwa cha Serikali, na hata fundi alikigusa kwa tahadhari.

Wazee waliostaafu kabla ya ami yangu walikuwa na yao ya kusimulia, ya kaptula za kaki na tarbushi za enzi ya mkoloni, na waliyaona mashati yetu ya samawati kuwa ya kilegevu. Kila kizazi kina sare yake ya kuililia.

Siku ami yangu alipokwenda chuo cha polisi cha Kiganjo kujifunza kazi, aliondoka na nguo alizovaa, mswaki, na bahasha yenye waranti ya kupandia treni. Ilikuwa treni ya usiku, ile iliyoondoka Mombasa jua likizama, ikapita Changamwe na Mazeras ikijikokota, na kufikia Nairobi asubuhi. Mama yake alimfungia visheti na chupa ya chai, akamsomea dua, basi. Hakuna aliyemuuliza ana shuka ngapi. Aliporudi baada ya mafunzo alishuka na sanduku la bati lililoandikwa jina na nambari yake kwa rangi nyeupe, na ndani yake mlikuwa na utajiri ambao ukoo wetu haukuwahi kuuona umekunjwa pamoja: mashati, jezi, buti jozi mbili. Nyanya alizishika buti hizo kwa mikono miwili, akauliza zimegharimu kiasi gani. Akajibiwa bure. Hakuamini.

Leo barua ya wito inafika kwa simu.

Tarehe 17 Novemba 2025, baada ya vuta nikuvute ndefu mahakamani kuhusu nani hasa mwenye mamlaka ya kuajiri polisi, vijana walijipanga kote nchini kuwania nafasi 10,000. Huku bara ya Mombasa walijaa viwanjani kuanzia alfajiri, Likoni, Kisauni, Changamwe, wavulana wakipimwa futi tano na inchi nane, wasichana futi tano na inchi tatu, cheti cha kidato cha nne kikiwa na angalau D+, meno yakikaguliwa, miguu ikitazamwa, kisha mbio. Anayepita hupiga kelele, hubebwa mabegani, mama hulia. Nimeyaona mara nyingi na kila mara koo hunikaba. Kisha watu wanarudi nyumbani, na baada ya siku chache simu inalia na orodha inafunguliwa.

Orodha hizi zinajulikana kwa kila familia iliyowahi kupeleka mtoto jeshini, magereza au polisi. Sanduku la bati na kufuli. Shuka. Blanketi. Taulo. Nguo za mazoezi, raba za kukimbilia, fulana zisizo na maandishi, ndara, sahani na kikombe, sindano na uzi, brashi na dawa ya viatu. Sare yenyewe kuruta hupewa akishafika chuoni. Hapo Serikali bado inatimiza wajibu wake, na ni haki kulisema. Lakini vyote vinavyomzunguka mwanadamu aliye ndani ya sare hiyo, vile ambavyo ami yangu alivipokea kwa kutia sahihi, vimehamia kwa mzazi.

Mpwa wangu ni wa Mtongwe. Alipopata nafasi hiyo ya polisi, dada yangu alinipigia simu kabla ya Isha, furaha na hofu zikiwa ndani ya sauti moja.

"Kaka, mtoto amechukuliwa. Sasa hili koti la baridi twalitoa wapi?"

Nataka msomaji aliyezaliwa bara ya Kenya, kule nyanda za juu, alipime swali hilo. Kiganjo iko Nyeri, chini ya mlima Kenya, na baridi yake ya alfajiri hupasua midomo. Kijana wa Nyeri anayeitwa huko tayari ana sweta, ana jaketi, ana soksi nzito. Alivivaa akienda shule. Kijana wa Likoni hajawahi kuvihitaji hata siku moja. Katika nyumba ya dada yangu blanketi lilikuwa moja, nalo lilitumika mtu akishikwa na homa. Basi orodha hiyohiyo, iliyoandikwa kwa nia ya usawa, inamgharimu mtoto wa Pwani zaidi kuliko wenzake, na bado hajalipa nauli. Waranti ya reli haipo tena kwenye bahasha. Tangu Januari 2024 kiti cha daraja la kawaida cha SGR kutoka Miritini hadi Nairobi ni shilingi 1,500, na ukishuka Nairobi bado una safari ya Nyeri na sanduku la bati mkononi.

Kwa miaka mingi tumelalamika hapa kwamba watoto wetu ni wachache kwenye vikosi, na kwamba askari wanaotulinda hawajui hata kumwamkia mzee. Malalamiko hayo yana sababu nyingi, nyingine ni zetu wenyewe. Lakini ukikaa na mama wa Mtongwe akihesabu bei ya sanduku kidoleni, unaona sababu moja ambayo haitajwi kwenye mikutano ya hadhara.

Tulifanya inavyofanywa siku hizi. Kikundi cha WhatsApp kikafunguliwa, jina lake likawa la mtoto na neno afande mbele, na michango ikaanza kuingia kwa M-Pesa: mia mbili, mia tano, elfu kutoka kwa binamu aliyeko Doha. Raba na nguo za mazoezi zilipatikana Kongowea kwenye mitumba, na jaketi zito la kijani ambalo nadhani lilivaliwa na mtu wa Ulaya aliyeteleza kwenye theluji lilipatikana hapohapo kwa bei ya kupigiana kelele. Sanduku lilitoka kwa fundi bati, jipya, likinuka rangi. Haya nayo ni mapato. Zamani pesa za sanduku ziliishia kwa mzabuni wa Nairobi. Sasa zimebaki kwa fundi wa mtaani na kwa mama muuza mitumba, na mtoto aliondoka akijua ni watu gani waliomsimamisha. Ami yangu alikuwa na deni kwa Serikali peke yake. Huyu ana deni kwa ukoo mzima.

Na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza.

Kwa sababu orodha haiishi Kiganjo. Konstebo akishapangiwa kituo, sare aliyopewa inachakaa, na jua la kivukoni Likoni huila nguo haraka, jasho la mchana kutwa likishirikiana na chumvi. Sare mpya haiji kwa wakati. Hivyo ananunua: shati la ziada, suruali, buti zinazomtosha badala ya zile zilizombana, sweta, bereti. Hili si siri ya mtu mmoja. Askari wamelisema kwa miaka, na kikosi kazi kilichoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga kilipozunguka nchini mwaka 2023 kuwasikiliza polisi na magereza, mavazi yalisikika pamoja na mishahara na nyumba. Simama kivukoni asubuhi uwatazame walio zamu. Utaona buluu tatu kwa askari watatu: moja iliyokolea, moja iliyopauka kuelekea zambarau, na moja iliyoshonwa kwa kitambaa kingine kabisa. Kila mmoja amenunua mahali pake.

Buluu hiyo yenyewe ina umri mdogo. Ilizinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta mnamo Septemba 2018, siku alipotangaza pia kwamba zaidi ya askari tawala 24,000 wataunganishwa na polisi wa kawaida, na kwamba askari wataanza kulipwa marupurupu ya nyumba ili waishi mitaani na raia. Sare ilishonwa nchini, kwenye kiwanda cha Huduma ya Vijana kwa Taifa, na nilipolisikia hilo nilifurahi kikweli, kwani nakumbuka viwanda vyetu vya nguo vilivyofifia miaka ya tisini wakati mitumba ilipofurika. Wanawake wa Changamwe na Jomvu ni mafundi hodari. Tangu sheria ya biashara ya Marekani, AGOA, ya mwaka 2000 wamekuwa wakishona suruali za Wamarekani katika viwanda vya EPZ. Kuwashonea askari wetu wenyewe ilikuwa fahari iliyochelewa.

Askari wengi hawakuipenda sare hiyo. Walisema inapauka, ina joto, na inawafanya wafanane na walinzi wa maduka. Mimi naona suruali kwa askari wa kike ni bora mara kumi kuliko ile sketi. Nafurahi pia kwamba pazia la laini limeanza kuondoka: leo konstebo anapanga Magongo au Mshomoroni, watoto wake wanacheza na wa mwenye nyumba, na akiumwa jirani ndiye wa kwanza kujua. Lakini shati lake halianikwi nje. Analianika chumbani. Anajua mitaa yetu, na anajua mwizi wa shati hilo atalifanyia nini.

Likoni tulijifunza mapema kwamba nguo hiyo ina hatari. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, vijana waliopewa viapo Kaya Bombo walikivamia kituo cha polisi cha Likoni na kituo kidogo cha kivukoni, wakawaua askari sita na kuondoka na bunduki. Wengine waliofuata kufa walikuwa raia, majirani waliotoka sehemu nyingine za Kenya, na wengine walikimbia na hawajarudi. Baada ya usiku huo, jirani yetu mmoja aliyefanya kazi ng'ambo kisiwani aliacha kuvuka feri amevaa sare. Aliibeba kwenye mfuko wa plastiki, imefunikwa kwa majani ya mchicha, akavaa akifika kazini. Mkewe aliendelea kuipiga pasi kila jioni, ingawa ilifika imekunjamana.

Stoo ilikuwa na faida moja ambayo hatukuitambua mpaka ilipopungua. Shati lilipotoka mahali pamoja tu, na kitabu kikaonyesha limetolewa kwa nani, kuliona shati hilo kwa mtu mwingine lilikuwa swali lenye jibu. Sheria bado inamkataza raia kuwa na sare ya polisi bila idhini. Ila nguo ikishaanza kununuliwa kwa mafundi na vibandani, ni nani atakayehesabu? Fundi mwema huomba kitambulisho cha kazi. Yule mwingine huomba pesa.

Halafu kuna nambari. Ami yangu alivaa nambari yake ya chuma begani, na sisi watoto tuliijua kama tulivyojua nambari ya nyumba. Muuza samaki aliyeonewa aliweza kwenda kituoni asijue jina la askari, akataja nambari, na mkuu wa kituo akajua amwite nani. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya vijana yaliyoanza Juni, ambamo watu walipigwa risasi, Mahakama Kuu ilibidi iamuru kwamba askari wanaosimamia maandamano wavae sare inayowatambulisha. Kwamba jambo hilo lilihitaji jaji kuliamuru, linaniuma. Mtu aliyevaa nguo ya Serikali anawajibika kwa mwenye nguo. Mtu aliyejinunulia nguo, buti na hata kofia anaanza kuhisi kwamba kazi ni mali yake, na kwamba ana gharama za kurudisha.

Sisemi kwamba buti ndizo zinazozaa hongo. Wapo askari waliojinunulia kila kitu na hawajagusa shilingi ya mtu, na wapo mabwana wakubwa waliovishwa bure tangu siku ya kwanza na wakala mpaka kucha. Lakini polisi wetu wametajwa mara kwa mara katika tafiti za tume ya kupambana na ufisadi, EACC, miongoni mwa idara zinazoongoza kwa hongo, na konstebo mpya anayesimama barabarani Kongowea, ana mkopo wa Sacco, ana michango ya ukoo inayomkumbusha kila Ijumaa kwamba alisimamishwa na watu, na soli ya buti imeachama, huyo tumemweka mahali pabaya. Kondakta wa matatu anamsoma kabla hajafungua mdomo.

Mpwa wangu alipiga simu wiki ya kwanza, dakika chache tu alizoruhusiwa. Mama yake akamuuliza kuhusu baridi.

"Mama, jaketi linasaidia. Lakini wapo wenzangu hawana."

Ami yangu, ambaye sasa macho yamemzimikia na husikia zaidi kuliko kuona, alitaka kujua wenzake hao wanatoka wapi. Kilifi, akaambiwa, na mmoja Lamu. Akauliza stoo inafanya kazi gani siku hizi. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa, na hakulirudia swali.

Mimi nalirudia kwa niaba yake. Gharama ya shuka mbili, blanketi, sanduku na koti la baridi kwa kuruta mmoja ni ndogo mno mbele ya gharama ya kumfundisha, kumpa bunduki na kumpeleka barabarani. Serikali inayoweza kununua risasi inaweza kununua soksi. Irudishe vitu hivyo stoo, iandike kwenye kitabu, imdai kuruta akivipoteza kama ilivyomdai ami yangu firimbi. Irudishe pia waranti ya safari, ili mtoto wa Mtongwe na mtoto wa Nyeri waanze kazi wakiwa na deni sawa, yaani hawana. Na kila mwaka askari aliye kazini apewe shati na buti mpya kabla za zamani hazijamwaibisha mbele ya raia.

Bajeti husomwa Juni. Wabunge wa Likoni, Kisauni na Changamwe, pamoja na wenzao wa Nyali, Jomvu na Mvita, wana muda wa kuuliza kabla ya hapo, kwa maandishi, ni vitu gani kuruta anatakiwa kununua na ni vipi Serikali inanunua, na kwa nini. Wewe mzazi uliyechangisha, tunza risiti zako na umpelekee mbunge wako nakala.